Mbwa chini ya Nyota

Mwanadamu hapendi kupotewa na kitu alichokipenda. Kwa sababu hiyo alichora kutani mwa mapango kabla hajajua kuandika, akachonga mti na jiwe, na mwisho akabuni chombo cha kunasa nuru yenyewe, ambacho twakiita kamera. Katika zama zetu chombo hiki kimeingia katika mifuko ya watu wengi, na mambo yapigwayo picha yamezidi hesabu. Miongoni mwayo limo moja ambalo wewe, msomaji, huenda ukaliona dogo mno kuandikiwa insha: desturi ya kumpiga picha mbwa au paka wa nyumbani wakati wa usiku, nyuma yake pakiwa na mbingu iliyojaa nyota. Mbwa ameketi juu ya jabali, masikio yamesimama, na juu ya kichwa chake Njia Nyeupe imemwagika kama unga uliopeperushwa na upepo. Picha za namna hii ni nzuri. Nyingine ni nzuri kiasi cha kumnyamazisha atazamaye. Nami nakuomba unyamaze pamoja nami kwa muda mfupi, kisha tuulize: mbwa yule alitulizwaje?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la fundi wa kamera, wala si la mtu afikiriye wema na ubaya. Nitajaribu kukuonyesha kwamba ni la wote wawili, na kwamba fundi na mwadilifu, wakikutana usiku mmoja mbele ya mbwa mmoja, hawana budi kusikilizana.

Yafaa kwanza ujue jinsi mbingu ya usiku inavyopigwa picha. Mchana nuru ni tele, na jicho la kamera hufumbua na kufumba kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku mambo hugeuka. Nuru ya nyota ni haba, na jicho la kamera hulazimika kubaki wazi kwa sekunde 10, au 20, au zaidi, likiikusanya nuru ile kidogo kidogo, kama mtu anayekinga maji chini ya bomba linalodondoka. Wala haliwezi kubaki wazi kadiri apendavyo mpigaji. Dunia inazunguka, na kwa mzunguko huo nyota huonekana kusafiri digrii 15 kila saa. Jicho likiachwa wazi mno, kila nyota hugeuka kuwa mkwaruzo. Nasi tukaao karibu na Ikweta, nyota zinazopita juu ya utosi wetu ndizo zenye mwendo mkubwa kuliko zote. Wapigaji wana kanuni yao ya kukadiria: huigawanya hesabu ya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, na jibu ni idadi ya sekunde walizoruhusiwa. Lenzi ya milimita 20 huwapa sekunde 25. Katika sekunde hizo kamera imekazwa juu ya miguu yake mitatu, na hata kuigusa ni kosa.

Sasa jaribu, msomaji, kukaa sekunde 25 bila kutikisa hata kope. Huenda utaweza, kwa kuwa umeambiwa sababu. Mbwa hakuambiwa. Yeye hupumua kwa mbavu zote, hugeuza kichwa asikiapo panya majanini, na ukimwita jina lake ili atulie, mkia hujibu kwa kutikisika. Nyota, ambazo ni mioto mikubwa isiyo uhai, zatoka katika picha zikiwa kali kama ncha za sindano. Mbwa aliye hai atoka akiwa ukungu. Kamera ya usiku yapenda visivyo hai.

Tabia hii ya kamera ni ya tangu asili yake. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliipiga picha barabara ya mjini Paris iitwayo Boulevard du Temple, akiwa juu katika jengo. Ilikuwa barabara ya watu wengi na magari ya farasi. Lakini picha ile ilihitaji dakika kadhaa, na wote waliokuwa wakienda zao hawakuacha hata alama. Barabara yaonekana tupu, kana kwamba mji umehamwa. Aliyesalia kuonekana wazi ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Yeye huhesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonekana katika picha, na hakufanya lolote la sifa ila kusimama tuli. Farasi wote wa siku ile wamepotea.

Basi apendaye kuwa na mbwa na nyota katika picha moja hana budi kutafuta utulivu mahali fulani. Njia ni kadhaa, na hazina uzito mmoja.

Njia moja ni kumwelekezea mbwa mwanga wa ghafula, udumuo chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, huku jicho la kamera likiendelea kubaki wazi kwa ajili ya nyota. Mwanga ule humkamata jinsi alivyo, hata kama alikuwa akijikuna. Njia hii haimdai utulivu mwingi, ila ina gharama yake. Jicho la mbwa, na la paka zaidi, usiku hufunguka sana, na nyuma yake una utando unaoirudisha nuru kama kioo; ndiyo sababu macho ya paka huwaka gizani amulikwapo. Jicho lililofunguka hivyo likipigwa na mwanga mkali hupumbazika. Mwenye huruma huupunguza mwanga, huuelekeza kando au huupitisha katika kitambaa cheupe, naye hapigi mara 40 ili apate picha moja. Mwingine hutumia kipande cha nyama: msaidizi hukiinua juu karibu na kamera, na mbwa hukikazia macho kwa unyofu wa moyo wote. Mtazamaji akiiona picha ile husema, “Tazama mbwa huyu anavyoitafakari mbingu.” La, bwana. Anaitafakari nyama.

Iko pia njia ya kuunganisha picha mbili. Kamera huwekwa mahali pamoja. Mbwa hupigwa mapema, wakati wa utusitusi, kisha huachiliwa aende zake akale, na mbingu hupigwa baadaye giza likiisha kukolea. Nusu mbili hushonwa kwa mashine ya kompyuta. Na iko njia ya kamba. Mbwa hufungwa kamba shingoni, mtu huishika au huifunga kwenye jiwe, picha hupigwa, na kisha nyumbani, kwa kompyuta ile ile, kamba hufutwa. Hufutwa nywele kwa nywele, kwa ustadi mwingi, hata mahali ilipopita pakaonekana nyasi na nyota. Mbwa hubaki peke yake juu ya jabali, kana kwamba alipanda mwenyewe kwa hiari yake, akakaa kwa hiari yake, akanyamaza kwa sababu usiku ulikuwa mzuri.

Nataka tuikazie macho kamba hii. Lakini kabla yake inanipasa kuwajibu watu wakali ambao huiacha kamba na kuishika njia ya kuunganisha. Wao husema kwamba picha iliyoshonwa ni uongo mtupu: mbwa alikuwa wa saa moja jioni, nyota zilikuwa za saa nne usiku, na aliyeziweka pamoja amesema jambo ambalo halikutokea. Naiheshimu hoja yao, ila nadhani wanagonga mlango usio wenyewe. Itazame mbingu. Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na hata hivyo hukawia njiani, kwa kuwa safari ni ndefu. Nyota Shira, ambayo Wazungu huiita Sirius na kuihesabu katika kundi la Mbwa Mkubwa, ndiyo ing'aayo kupita nyota zote za usiku. Mwezi wa Februari saa tatu usiku hapa kwetu huwa karibu na utosi. Umbali wake ni miaka ya nuru 8.6. Kilimia, ambacho wakulima na mabaharia wa pwani walikitumia kupimia majira, kiko mbali kwa miaka ya nuru 440 hivi. Ule ukungu mdogo uitwao Andromeda, ambao kwa kweli ni galaksi nzima, uko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5.

Basi fikiri juu ya mbwa mwenye umri wa miaka minane na nusu, aliyeketi uani usiku wa Februari na Shira ikiwa juu yake. Kamera yafumbua jicho mara moja tu, bila kushona wala kufuta. Hata hivyo yakusanya juu ya bamba moja nuru za zama mbalimbali: nuru ya mbwa ni ya sasa hivi, nuru ya Shira iliondoka kwake wakati mbwa huyo alipokuwa kitoto kisichofumbua macho, nuru ya Kilimia iliondoka kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593. Mbingu imetushonea nyakati tangu mwanzo, na hakuna aliyeishitaki. Mpigaji aliyeongeza saa tatu juu ya mishono hiyo hakuharibu ukweli mkubwa, maadamu akiulizwa hasemi kwamba hakushona.

Tena macho yetu ni waamuzi wabaya katika kesi hii. Mwezi mpevu hushika nusu digrii tu ya mbingu, nusu ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho mkono ukinyoshwa. Mbwa mwenye kimo cha sentimita 60, ukimtazama kutoka meta 70 hivi, huonekana ana kimo sawa na mwezi. Mtu mwenye lenzi ndefu, aliyepima mahali pake na kungoja hadi mwezi uchomoze machweo, aweza kumpata mbwa wake akiwa amesimama ndani ya duara la mwezi kama nahodha mlangoni. Picha ile ni ya kweli kabisa, na kila aionaye humwita mpigaji mwongo. Mwenzake aliyekaa sebuleni na kumbandika mbwa wa mchana juu ya mbingu ya jangwa la mbali, akijali tu kwamba vivuli visigombane, husadikiwa na wote.

Ndiyo maana nasema kwamba hoja ya mshono haitoshi. Tuirudie kamba.

Kamba ni nini? Ni mkono wetu. Inaeleza kwamba mnyama hakuwapo pale kwa shauri lake; kwamba kuna mtu aliyetaka jambo, na kiumbe mwingine aliyelitimiza bila kuulizwa. Hilo si dhambi. Mbwa asiyefungwa usiku juu ya jabali aweza kuanguka, au kumfukuza sungura hadi barabarani, na kamba ile yaweza kuwa ndiyo huruma kuliko zote zilizotendwa usiku ule. Tunapoifuta hatumwumizi mbwa. Yeye amekwisha lala. Twamdhulumu kwa njia nyingine: twamshuhudia kusema jambo ambalo hakulisema. Twasema kwa niaba yake, “Nilipenda.” Na kiumbe asiye na ulimi hawezi kusimama na kukana ushahidi huo.

Utaniambia kwamba hilo ni neno kubwa kwa picha ya ukutani. Yamkini. Nitakupa mifano miwili ambamo utulivu wa mnyama chini ya nyota haukuwa jambo dogo, kisha upime mwenyewe.

Wa kwanza ni wa mashindano. Jumba la makumbusho la London liitwalo Natural History Museum huandaa kila mwaka mashindano makubwa ya picha za wanyama wa porini. Mwaka 2017 tuzo ya fungu mojawapo ilipewa picha iliyopigwa usiku katika mbuga ya Emas, nchini Brazil. Kichuguu chang'aa kwa vijitaa vya wadudu wadogo wenye nuru. Juu yake mbingu imejaa nyota. Na chini ya kichuguu amesimama mnyama yule wa Amerika ya Kusini mwenye pua ndefu, alaye mchwa na sisimizi, amekiinulia kichwa. Watu waliipenda. Kisha wakaja wenye kuitilia shaka, wakasema kwamba mnyama yule anafanana mno na mwingine aliyekaushwa na kujazwa, aliyewekwa katika jumba la wageni la mbuga ile ile. Wataalamu waliitwa, wakalinganisha alama za manyoya na umbo la kichwa, wakaona kwamba wanyama wale wawili hawatofautiani. Aprili 2018 tuzo iliondolewa. Mpigaji alikana, na kukana kwake hakuna budi kutajwa pia. Lakini jumba halikubadili hukumu.

Sikutaji kisa hiki ili tumcheke mtu. Nakitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mpigaji wa usiku hulifahamu: picha ya nyota yahitaji sekunde nyingi, na mnyama wa porini hampi mtu sekunde nyingi. Ukitafuta mnyama atakayetulia kikamilifu mbele ya kamera ya usiku, asiyepumua, asiyegeuza sikio, mwisho wa njia hiyo utamkuta mnyama aliyekufa. Yeye ndiye mtulivu kuliko wote. Kamba, nyama na mnyama aliyejazwa pamba zimo katika njia moja, ingawa moja iko mwanzoni na nyingine mwishoni.

Mfano wa pili hauna kamera ya kujivunia, bali una mbwa na una nyota. Tarehe 3 Novemba 1957 Warusi walirusha chombo cha Sputnik 2, na ndani yake walimtia mbwa jike jina lake Laika. Hakuwa mbwa wa nasaba. Aliokotwa katika mitaa ya Moscow. Ili azoee kutulia, yeye na wenzake walifungiwa katika vizimba vidogo, kisha vidogo zaidi, hadi siku 20. Ndani ya chombo alifungwa minyororo iliyomruhusu kusimama, kuketi na kulala, lakini hakuweza kugeuka. Njia ya kumrudisha haikuwapo, na waliomtuma walijua hivyo. Daktari mmoja wao, Vladimir Yazdovsky, alimchukua nyumbani kwake kabla ya safari ili acheze na watoto wake. Aliona kwamba mbwa yule hakuwa na siku nyingi za kuishi, akataka kumtendea jambo jema.

Sura ya Laika ilienea ulimwenguni. Ilichapwa katika magazeti, ikachorwa juu ya stempu na karatasi za sigara: kichwa cha mbwa mwenye masikio ya kupendeza, na nyuma yake mbingu na nyota. Katika sura hizo Laika ni shujaa mtulivu. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba aliishi angani kwa siku kadhaa na kufa bila maumivu. Mwaka 2002 ndipo ilipotangazwa wazi kwamba alikufa saa chache tu baada ya kurushwa, kwa joto la chombo na hofu. Mmoja wa wanasayansi waliomfunza, Oleg Gazenko, alikuwa amekwisha sema mwaka 1998 kwamba kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kujuta, na kwamba elimu waliyoipata haikutosha kuhalalisha kifo cha mbwa yule. Na mzee huyo hakuwa adui wa sayansi. Alikuwa mtumishi wake maisha yake yote.

Msomaji, usije ukadhani kwamba namlinganisha mtu apigaye picha ya mbwa wake uani na watu wa Sputnik. Mzani hauko hivyo. Ninachokuomba uone ni jinsi sura ilivyofanya kazi yake. Mnyororo ulikuwapo, stempu haikuuchora. Na kwa kuwa haukuchorwa, mamilioni ya watoto walimpenda Laika bila kuuliza kama alitaka kwenda. Sura nzuri ya mbwa na nyota ilijibu swali kabla halijaulizwa.

Hapa yako mabishano ya wale wasemao kwamba mbwa hajui kupigwa picha, hajui kusingiziwa, na asiyejua hadhulumiwi. Hoja hii ina nguvu ikiwa mbwa peke yake ndiye mwenye haki ya kupata hasara. Lakini picha hutazamwa na watu, na watu hujifunza kwayo mbwa ni kitu gani. Mtoto aliyelelewa na picha za mbwa waliotulia kama sanamu juu ya majabali hushangaa mbwa wake halisi anapotapakaza matope, akabweka saa nane za usiku na kutafuna kiatu cha mgeni. Huona kwamba amepewa mbwa mbovu. Wako waliowafukuza wanyama kwa sababu hiyo tu, kwamba hawakufanana na wale wa kwenye picha.

Na tuseme kweli juu ya kutafakari nyota. Mbwa huishi zaidi kwa pua, na mbingu haina harufu. Ukitaka kiumbe ambaye kwa hakika huitazama Njia Nyeupe, si mbwa unayepaswa kumwendea, ila ni yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Mwaka 2013 wataalamu kutoka Sweden na Afrika ya Kusini walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliwavisha wadudu wale vikofia vidogo vya kuwaziba wasione juu, nao wakapoteza njia, wakazunguka na matonge yao ovyo. Kisha wakawaingiza katika jumba la Johannesburg lenye kuba linaloonyesha sura ya mbingu, wakawaonyesha Njia Nyeupe peke yake. Wadudu wakaenda moja kwa moja tena. Mdudu huyo huongozwa na mkondo wa nyota usiku usio na mwezi, ili akimbie na tonge lake kabla mwenzake hajamnyang'anya. Ndiye mwanafalaki wa kweli miongoni mwa wanyama, na sijamwona aliyetundikwa sebuleni kwa mtu.

Labda hatumpigi picha kwa sababu hatumpendi. Na mbwa twampiga kwa sababu twampenda. Hapo nakubali. Lakini kumpenda kiumbe na kumkopesha mawazo yetu ni mambo mawili. Katika nyumba nyingi za Kenya mbwa hufungwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Usiku ndio ofisi yake. Wakati wewe umelala, yeye huzunguka ua mara kumi, hunusa lango, hujibizana na mbwa wa jirani wa tatu, husimama ghafula na kutega sikio kwa mlio ambao wewe hutausikia kamwe. Nyota zimo juu yake usiku kucha, na yeye yumo chini yake akifanya kazi. Kuna mtu anayekaa chini ya nyota zaidi ya huyo? Lakini picha itakayomwonyesha ameketi tuli, pua juu, imemwonyesha akiwa hayuko kazini. Paka wa Lamu ashukaye ukutani usiku kufuata harufu ya samaki naye ni vivyo hivyo. Mwendo wake ndio yeye.

Mbona basi nisiseme tuache kabisa? Kwa sababu yuko mbwa mmoja ambaye sijamtaja, na hoja zangu zote hupungua makali mbele yake. Ni mbwa mzee. Ametimiza miaka 13 au 14, miguu ya nyuma imekakamaa, na mwenyewe ajua kwamba mvua za mwakani hatazisikia. Mtu huyo ataka picha. Hataki kushinda tuzo. Ataka kitu cha kushika. Na kwa nini ataka nyota? Nadhani ni kwa sababu apitiwaye na msiba hutafuta kuweka kilicho kidogo na cha kupita karibu na kilicho kikubwa na cha kudumu. Mimi siwezi kumlaumu. Mbwa huyo atatulia bila kamba, kwa uchovu na kwa kuwa aliyeketi karibu naye ni yule yule aliyeketi karibu naye tangu utoto wake.

Ila ningemshauri mtu huyo, kama angeniuliza, aingie katika picha pamoja na mbwa wake. Aketi chini majanini, mkono wake uwe shingoni mwa mbwa mahali ambapo kamba ingekuwa, na zile sekunde 25 wazilipe wote wawili. Aweke taa ndogo hafifu kando yao, na mwanga wa ghafula uwe mdogo, mara moja tu mwanzoni. Kisha asimzuie mbwa kwa lolote.

Naweza kukuambia picha hiyo itatoka namna gani, kwa kuwa sheria za nuru hazina upendeleo. Nyota zitakuwa kali kama ncha za sindano. Mkono wa mtu utakuwa ukungu kidogo, kwa sababu mbavu zilizo chini yake zilipanda na kushuka. Na kichwa cha mbwa kitakuwa viwili: kimoja kilichokamatwa na mwanga, kikiielekea kamera, na cha pili, hafifu zaidi, kilichogeuka katikati ya zile sekunde kuutazama uso wa mwenyewe, na mahali kichwa cha kwanza kilipoondoka, kupitia sikio lake, zitaonekana nyota mbili au tatu.